Kuingia Maabara Kabla ya Shahada: Mwongozo wa Utafiti kwa Mwanafunzi wa MIT na Caltech

Katika vyuo vikuu binafsi vya teknolojia nchini Marekani, hususan Massachusetts Institute of Technology (MIT) kilichoko Cambridge, Massachusetts, na California Institute of Technology (Caltech) kilichoko Pasadena, California, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hachukuliwi kuwa msikilizaji wa mihadhara tu, bali hutarajiwa kushiriki utafiti halisi pamoja na maprofesa na wanafunzi wa uzamivu. Fursa hiyo iko wazi kwa wengi, lakini haigawiwi kama vitabu vya kiada. Huombwa kwa maandishi, hupangwa kwa maandishi, na hudumishwa kwa kazi ya kila wiki. Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi aliyekwisha kupokelewa katika chuo cha aina hiyo, pamoja na yule aliyeko Dodoma, Eldoret au Bujumbura ambaye bado anajiandaa kuomba nafasi na angependa kujua kinachomngoja.

Kwa nini mapema

Kitabu cha kiada hueleza mambo yaliyokwisha kujulikana, na maswali yake huwa na majibu katika kurasa za mwisho. Maabara hushughulika na maswali ambayo hata profesa hajui majibu yake, na ustadi wa kuyakabili maswali ya namna hiyo haupatikani kwa kusikiliza. Edwin Land, mvumbuzi wa kamera ya Polaroid, alilisema jambo hilo katika mhadhara alioutoa MIT mwezi Mei 1957, alipotetea hoja kwamba mwanafunzi apewe mradi wake wa utafiti tangu anapoingia chuoni, badala ya kusubiri hadi amalize shahada. Mwaka 1969 Margaret MacVicar, mwanafizikia kijana aliyekuwa amesoma hapohapo MIT, aliigeuza hoja hiyo kuwa mpango rasmi unaojulikana kwa kifupisho cha UROP, yaani mpango wa kuwafungulia wanafunzi wa shahada ya kwanza fursa za utafiti. Caltech ilianzisha mpango wake wa likizo ya kiangazi, uitwao SURF, mwaka 1979. Leo hii takriban wahitimu 9 kati ya 10 wa MIT huwa wamepitia UROP angalau mara moja, kwa hiyo mwanafunzi anayedhani kwamba utafiti ni wa vipanga wachache tu anajinyima kitu ambacho wenzake wanakichukua.

Jambo linalowatatiza wengi ni sura ya mwanzo wenyewe. Mwanafunzi hufika akitarajia kukabidhiwa swali kubwa, naye hukabidhiwa kazi ya kuosha vioo, kupima ujazo au kusafisha data. Inafaa ajue kwamba Rainer Weiss, mwanafizikia wa MIT aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa mchango wake katika kugundua mawimbi ya uvutano, alishindwa masomo ya shahada ya kwanza katika miaka ya mwanzo ya 1950, akaajiriwa kama fundi katika maabara ya Jerrold Zacharias iliyokuwa ikishughulikia saa za atomu, kisha akarudi darasani na kuhitimu mwaka 1955. Maabara hiyo ilikuwa ndani ya Jengo namba 20, jengo la mbao lililojengwa mwaka 1943 kwa matumizi ya muda na likabomolewa mwaka 1998 tu. Wazo la kupima mawimbi ya uvutano kwa miale ya mwanga nalo alilipata miaka ya 1960 alipokuwa akifundisha nadharia ya uhusianifu na kuwatungia wanafunzi wake zoezi la darasani. Ufundi wa mikono ulitangulia, swali kubwa likafuata, na mpangilio huo ndio utakaofuatwa katika hatua zilizoelezwa hapa chini.

Masomo yanayotangulia, na hesabu ya saa

Kila mwanafunzi wa MIT, awe wa fizikia, uhandisi au uchumi, hupitia masomo 17 ya lazima: 6 ya msingi wa sayansi (mawili ya hisabati ya kalkulasi, mawili ya fizikia, moja la kemia na moja la biolojia), 8 ya sanaa, fani na sayansi ya jamii, mawili ya sayansi na teknolojia ya kuchagua, na moja la maabara. Idara hutajwa kwa namba: fizikia ni 8, biolojia ni 7, hisabati ni 18, uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta ni 6, na wanafunzi huzitumia namba hizo katika mazungumzo ya kawaida kiasi kwamba mgeni hupotea wiki ya kwanza. Katika muhula wa kwanza, somo ambalo mwanafunzi ameshindwa haliandikwi katika rekodi inayopelekwa nje ya chuo, na aliyefaulu huandikiwa kuwa amefaulu bila daraja. Utaratibu huo uliwekwa ili mgeni apate kuzoea mwendo wa chuo. Si ruhusa ya kujitwisha mizigo ya ziada.

Uzito wa somo hupimwa kwa vizio, na kizio kimoja ni sawa na saa moja ya kazi kwa wiki, ikijumlishwa mihadhara, maabara na kujisomea. Somo la kawaida lina vizio 12.

> Kisanduku: hesabu ya kufanya kabla ya kuomba mradi
>
> Masomo 4 × saa 12 = saa 48 kwa wiki.
> Mradi wa utafiti, saa 8 kwa wiki = jumla ya saa 56.
> Zigawanywe kwa siku 7 = saa 8 kila siku, Jumapili ikiwamo.
>
> Ikiwa mwanafunzi ana masomo 5, au anafanya kazi nyingine ya kujikimu, mradi usubiri muhula unaofuata.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakati unaofaa zaidi kuanza ni mwezi Januari, ambao MIT imeutenga kuwa kipindi cha pekee kati ya mihula miwili, chenye takriban wiki nne za shughuli za kujichagulia. Hakuna mitihani inayomkimbiza, na wiki hizo zinatosha kujifunza chombo kimoja vizuri.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Kuchagua maabara kwa kazi yake, si kwa jina la mkuu wake. Maabara yenye profesa mashuhuri mara nyingi ina watafiti wengi, na mwanafunzi mpya huenda asionane na profesa huyo ana kwa ana kwa muhula mzima. Jambo hilo si baya lenyewe, kwa kuwa anayemfundisha mwanafunzi kazi kila siku kwa kawaida ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti aliyekwisha kupata shahada hiyo, lakini ni lazima lijulikane mapema. Orodha ya maabara tano iandikwe, na mbele ya kila moja iandikwe mbinu inayotumika humo: darubini, hesabu za kompyuta, kemia ya maji, uchomeleaji. Mwanafunzi asiyeweza kutaja mbinu bado hajaijua maabara hiyo.

Hatua ya 2. Kusoma makala moja ya kitaaluma hadi sehemu ya mbinu. Wanaoanza husoma ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja unaotangulia makala, kisha wakaishia hapo. Ikisiri hueleza kilichopatikana. Sehemu ya mbinu hueleza kilichofanyika, na kilichofanyika ndicho mwanafunzi atakachoombwa kukifanya Jumatatu asubuhi. Utaratibu unaofaa ni kusoma ikisiri, kutazama michoro na majedwali pamoja na maelezo yake, kusoma mbinu polepole na kuandika kila neno lisiloeleweka, kisha kurudi kwenye hitimisho. Kazi hiyo huchukua jioni mbili kwa makala moja. Mwishoni libaki swali moja la kweli, kwa mfano kwa nini sampuli zilihifadhiwa katika nyuzi 4 badala ya kugandishwa.

Hatua ya 3. Kuandika barua pepe fupi. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo panastahili kuelezwa kwa kirefu. Profesa hupokea barua nyingi zinazofanana, zenye sifa nyingi kwa kazi yake na orodha ndefu ya tuzo za mwombaji tangu shule ya msingi. Kijana aliyelelewa Afrika Mashariki huwa na mtego wake wa ziada: adabu ya kuanza na salamu ndefu, kuulizia afya na kuomba radhi kwa usumbufu, ambayo nyumbani ni heshima, katika barua hii huificha haja yenyewe hadi aya ya tatu, na msomaji mwenye haraka huenda asifike huko. Heshima ibaki katika cheo na katika shukrani ya mwisho, na haja ije mbele.

Barua yenyewe, ambayo bila shaka itaandikwa kwa Kiingereza, iwe na mambo manne kwa mpangilio huu:

1. Mwandishi ni nani: mwaka wa masomo, idara, na muhula anaotaka kufanya kazi.
2. Makala gani ameisoma, na swali moja mahususi lililomjia kutokana nayo. Swali hilo ndilo linalothibitisha kwamba makala imesomwa kweli. Sifa haziwezi kuthibitisha.
3. Anaweza kufanya nini sasa hivi: kuandika programu kwa lugha ya Python, kusoma michoro ya saketi, kutumia mizani ya maabara. Asiyejua lolote kati ya hayo aseme anaweza kutoa saa ngapi kwa wiki, siku zipi, na kwamba yuko tayari kufundishwa.
4. Ombi lenye kikomo: mazungumzo ya dakika 15, na siku mbili anazoweza kufika.

Viambatishwe orodha ya masomo aliyoyafanya na wasifu wa ukurasa mmoja. Ikipita wiki moja bila jibu, itumwe barua moja ya kukumbusha. Ikipita nyingine, aende maabara inayofuata katika orodha yake bila kinyongo, kwa kuwa kimya mara nyingi maana yake ni kukosekana kwa nafasi na si dharau.

Hatua ya 4. Mazungumzo ya kwanza. Mwanafunzi hujiandaa kuulizwa na kusahau kuuliza. Kabla ya kuondoka awe amejua mambo yafuatayo: nani atamfundisha kazi siku hadi siku, watakutana mara ngapi, mwanafunzi aliyetangulia alifanya nini na sasa yuko wapi, na baada ya muhula mmoja wa kazi za kujifunza, kuna uwezekano gani wa kupata swali lake mwenyewe. Jibu la swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Muhula mmoja wa kuosha vioo na kurudia vipimo vya wengine ni ada ya haki. Muhula wa tatu wa kazi ileile ni utumishi, na mwanafunzi ana kila sababu ya kuaga kwa heshima.

Hatua ya 5. Kuandika pendekezo la utafiti. UROP na SURF zote mbili humtaka mwanafunzi aandike pendekezo, yaani maelezo ya kazi anayokusudia kuifanya, na msimamizi aliridhie. Pendekezo la UROP huwa na sehemu za usuli wa mradi, majukumu ya mwanafunzi mwenyewe, malengo, na maelezo binafsi ya kwa nini anautaka mradi huo. Kosa linalojirudia ni kuandika usuli wa kurasa mbili na majukumu ya mistari miwili, hali msomaji wa pendekezo anataka kujua mikono ya mwanafunzi itakuwa inafanya nini wiki ya tatu.

Swali la pendekezo liwe dogo kiasi cha kumalizika. «Kutafuta chanjo ya malaria» si swali la muhula. Ni kazi ya maelfu ya watu kwa miongo. «Je, protini hii hudumu siku ngapi katika nyuzi 4 za Selsiasi iwapo chumvi ya myeyusho itaongezwa maradufu?» ni swali la muhula, kwa sababu lina kitu kimoja kinachobadilishwa, kitu kimoja kinachopimwa, na jibu lolote litakalopatikana, liwe refu au fupi, litamfaa mtu anayeendelea na kazi hiyo.

Hatua ya 6. Ujira, vizio, au kujitolea. Kwa UROP mwanafunzi hulipwa, au hupata vizio vya masomo, au hufanya kazi kwa kujitolea. Ujira na vizio havipatikani pamoja kwa kazi ileile katika muhula uleule. Anayehitaji fedha achague ujira bila kuona haya. Anayetaka kazi yake ionekane katika rekodi ya masomo achague vizio.

> Tahadhari kwa mwanafunzi wa kigeni
>
> Mwenye viza ya mwanafunzi ya aina ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Saa hizo hujumlisha kazi zote za ujira: aliye na saa 12 za maktaba na saa 10 za maabara amekwisha kuvuka mpaka, hata kama kila msimamizi peke yake anaona kiwango ni cha kawaida. Kuvuka mpaka huo ni kuvunja masharti ya viza. Kabla ya saa ya kwanza ya kazi ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo iulizwe, na maombi ya namba ya hifadhi ya jamii, ambayo hutumika kwa ajili ya malipo na kodi, yaanze mapema.

Hatua ya 7. Mafunzo ya usalama. Hakuna anayeruhusiwa kugusa kemikali, leza au vijidudu kabla ya kupata mafunzo yanayohusu hatari hiyo. Mafunzo huonekana ya kuchosha, na wengi huyapitia kwa kubofya tu kwenye kompyuta. Mambo matatu yasisahaulike: miwani ya kinga huvaliwa tangu mlangoni hata kama kazi ya siku hiyo ni ya kuandika, kwa sababu jirani huenda anachemsha asidi, chakula na kinywaji haviingii maabara, na kila chupa ya taka huandikwa kilichomo kwa jina kamili, kamwe si kwa fomula tupu. Ikiwa utafiti unahusu binadamu, hata kwa kuwajazisha dodoso, ni lazima kamati ya maadili ya chuo iidhinishe kwanza, na mwezi mmoja au zaidi utengwe katika ratiba kwa ajili ya idhini hiyo.

Hatua ya 8. Daftari la maabara. Daftari ndilo linalomtofautisha mtafiti na mtu aliyejaribu jambo. Liwe lenye kurasa zilizoshonwa na kupewa namba. Liandikwe kwa wino. Tarehe itangulie kila siku. Kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka. Na ukurasa usichanwe. Maabara nyingi sasa hutumia daftari la kielektroniki, lakini kanuni ni zilezile.

Mfano mmoja utaonyesha sababu. Kazi ya kawaida ya siku za mwanzo katika maabara ya biolojia ni kukagua pipeti, kifaa cha mkononi cha kunyonya na kutoa ujazo mdogo wa kimiminika. Hukaguliwa kwa kupima uzito wa maji: maikrolita 100 za maji safi katika nyuzi 20 zinapaswa kuwa na uzito wa karibu miligramu 99.8. Mwanafunzi hunyonya, hutoa juu ya mizani, huandika, na hurudia mara kumi. Tuseme daftari linasomeka hivi:

> 99.6 — 99.9 — 99.7 — 94.1 — 99.8 — 99.5 — 99.9 — 99.7 — 99.8 — 99.6
> Kipimo cha nne: kiputo cha hewa kilionekana ndani ya ncha ya plastiki kabla ya kutoa maji. Ncha ilibadilishwa.

Kipimo cha nne kinaaibisha, na kishawishi cha kutokiandika ni kikubwa. Aliyekiruka ana wastani mzuri na hajui lolote. Aliyekiandika pamoja na kiputo amegundua kwamba ananyonya kwa haraka mno, au kwamba ncha haikukaza, na mtu atakayesoma daftari mwaka ujao ataweza kuamua mwenyewe iwapo akiweke kipimo hicho au akiondoe. Neno la kushikwa katika mfano huu ni «kabla ya kutoa maji»: sababu iliandikwa ilipoonekana. Anayeandika namba leo na kutafuta sababu kesho, baada ya kuona kwamba namba hiyo inaharibu wastani, amekwisha kuanza kuchezea data, hata kama nia yake ni safi. Chuo humfukuza mtu kwa kughushi data, na kughushi kwingi huanza na kipimo kimoja cha namna hii kilichoachwa nje ya daftari.

Kanuni inayoambatana na hiyo ni ya kidhibiti, yaani sampuli inayofanyiwa kila kitu isipokuwa kile kinachochunguzwa. Anayenakili DNA huweka mrija mmoja wenye kemikali zote bila DNA. Mrija huo ukitoa matokeo, kuna uchafu mahali fulani, na mirija mingine yote haiaminiki kwa siku hiyo. Mwanafunzi anayeacha kidhibiti ili kuokoa kemikali za dola chache hupoteza wiki.

Hatua ya 9. Kikao cha kila wiki. Mwanafunzi afike na ukurasa mmoja: kilichopangwa wiki iliyopita, kilichofanyika, kilichokwama, na kinachopangwa. Kilichokwama kisifichwe hadi muhula uishe. Wasimamizi wengi huvumilia jaribio lililoshindikana mara nne. Wasichovumilia ni kulisikia kwa mara ya kwanza mwezi Mei.

Utafiti unapohusu watu walio mbali

Vyuo hivi hupenda miradi ya teknolojia kwa ajili ya nchi zenye kipato cha chini, na wanafunzi wa Afrika Mashariki huvutwa nayo kwa sababu zinazoeleweka. Hatari yake ni kwamba kifaa hubuniwa Cambridge kwa ajili ya barabara ambayo mbunifu hajawahi kuikanyaga. Amos Winter, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti mwendo vinavyotumiwa na watu wenye ulemavu, akaona kwamba kiti cha hospitali kinazama katika mchanga na makorongo, ilhali baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono ni kubwa mno kuingia ndani ya nyumba. Jibu lililotoka MIT baadaye lilikuwa kiti cha kuendeshwa kwa nyenzo mbili, yaani fimbo ndefu za kusukuma mbele: mtumiaji akishika juu hupata nguvu ya kupanda mlima, akishika chini hupata kasi kwenye tambarare. Sehemu zinazozunguka ni za baiskeli ya kawaida, ili fundi baiskeli wa kijijini aweze kuzitengeneza.

Toleo la kwanza lilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walilisifu nje na kulilalamikia ndani: lilikuwa pana na zito. Likasanifiwa upya. Mwanafunzi anayetaka mradi wa aina hiyo azingatie kwamba malalamiko hayo yalikuwa data halisi, yenye thamani sawa na vipimo vya mizani, na kwamba yasingepatikana bila kukipeleka kiti nyumbani kwa mtu na kumwacha akitumie kwa miezi kadhaa. Anayejua Kiswahili ana faida kubwa hapa, kwa sababu mtumiaji humwambia mgeni anayehitaji mkalimani kwamba kifaa ni kizuri, na humwambia mwenzake ukweli. Lakini faida hiyo hupotea ikiwa mradi umepangiwa wiki mbili za safari mwishoni mwa mwaka.

Kwa aliye nje ya vyuo hivi

Mpango wa SURF wa Caltech hupokea pia maombi ya wanafunzi wa vyuo vingine, lakini mwombaji ndiye anayetafuta msimamizi kwanza kwa kufuata hatua ya 1 hadi ya 3, kisha wakaandika pendekezo pamoja. Maombi hufungwa karibu na mwezi Februari, kwa hiyo barua ya kwanza kwa profesa iandikwe Novemba au Desemba. Kazi yenyewe huchukua wiki 10, na mshiriki huandika ripoti za katikati, makala ya mwisho, na kuwasilisha kazi yake kwa mdomo mbele ya hadhira.

Anayeomba shahada ya kwanza MIT ajue kwamba chuo hicho hakizingatii uwezo wa kifedha wa mwombaji, hata wa kigeni, kinapoamua kumpokea au kumkataa, na kwamba msaada wa fedha hutolewa kulingana na hitaji la familia. Ada inayotangazwa isimtishe mtu kabla hajaomba. Kwa maandalizi, masomo ya MIT yamekuwa yakiwekwa bure kwenye intaneti chini ya mpango wa OpenCourseWare uliotangazwa mwaka 2001, pamoja na mazoezi na mitihani iliyopita. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyefanya mazoezi ya somo la fizikia la mwaka wa kwanza, kwa kalamu na si kwa kutazama video tu, atakuwa na jambo la kueleza katika maombi yake.

Makosa yanayojirudia

- Kuomba maabara kumi kwa barua moja iliyobadilishwa jina la profesa tu. Maprofesa wa idara moja hula chakula cha mchana pamoja.
- Kuanza mradi katika muhula wenye masomo matano, kwa hoja kwamba «muda utapatikana».
- Kukaa kimya usipoelewa. Katika maabara, anayeuliza swali la kijinga wiki ya kwanza huonekana makini. Anayeuliza swali hilohilo wiki ya kumi huleta wasiwasi.
- Kuhifadhi data kwenye kompyuta moja. Nakala ziwe mbili, sehemu mbili, na moja iwe katika hifadhi ya maabara.
- Kutozungumzia mapema nani atatajwa kuwa mwandishi wa makala. Mazungumzo hayo hufanyika kazi inapoanza, si rasimu inapokamilika, na kigezo ni mchango wa kiakili katika swali, mbinu au ufafanuzi wa matokeo. Aliyefanya vipimo vya kawaida tu aghalabu hushukuriwa mwishoni mwa makala, naye hana sababu ya kuona amedhulumiwa.

Orodha ya kukagua siku ya kuondoka

☐ Ripoti ya mwisho imewasilishwa, ikiwa na majaribio yaliyoshindikana.
☐ Daftari limeachwa maabara. Mwanafunzi amebaki na nakala iwapo msimamizi ameruhusu.
☐ Programu zote za kompyuta zina maelezo ya namna ya kuziendesha, na mtu mwingine amezijaribu mwanafunzi akiwapo.
☐ Msimamizi ameulizwa ana kwa ana kama yuko tayari kuandika barua ya mapendekezo, na amepewa ukurasa mmoja unaomkumbusha kazi iliyofanyika.
☐ Kila mrija ulioko kwenye jokofu una jina, tarehe na namba ya ukurasa wa daftari. Usio na alama hizo utupwe na aliyeuweka, kwa utaratibu wa taka unaohusika, kabla hajarudisha ufunguo.